Jina la ukoo la mtoto, mzazi mmoja kakataa: huduma zipi za Dar zinastahili pesa yako

Nje ya geti la mahakama yoyote ya mjini hukosi kibanda cha steshenari: mashine ya fotokopi, kompyuta moja, benchi, na karatasi iliyobandikwa kwa selotepu, VIAPO, MIKATABA, KUBADILI MAJINA. Kwa mzazi anayetaka kumbadilishia mtoto jina la ukoo huku mzazi mwenzie hataki, hapo ndipo pesa ya kwanza hutoka. Mara nyingi hutoka bure.

Tukitendee haki kibanda. Kiapo kinachochapwa pale si feki. Kina jina lako, dini yako, makazi yako, aya zenye namba, na chini muhuri wa kamishna wa viapo. Shida ni kazi yake. Soma aya ya tatu au ya nne, utakuta imeandikwa kwamba majina mawili "ni ya mtu mmoja na yule yule". Hicho ni kiapo cha majina. Kinamfaa mtu ambaye cheti cha shule kinasema Mohamedi na cha kuzaliwa kinasema Mohamed. Hakimpi mtoto jina jipya. Ukikipeleka shuleni, mwalimu mkuu mwenye huruma anaweza kukipokea. Siku baba akitokea na cheti cha kuzaliwa mkononi, rejesta inarudi ilivyokuwa, na kiapo chako kinaweza kuishia kwenye faili la mahakama kama ushahidi kwamba ulijaribu kupita mlango wa nyuma. Kwa kazi hii, kibanda kinapata sifuri, hata kama karani ni mcheshi na karatasi imetoka ndani ya dakika ishirini.

Kabla ya kulinganisha huduma nyingine, jua kwanza unanunua nini. Huku kwetu jina la mwisho halisimami peke yake. Tuseme mtoto ni Neema, baba Juma, babu Salehe: mtoto anaandikwa Neema Juma Salehe. Mama anaposema "namtoa jina la ukoo", kwa kweli anazungumzia majina mawili. Akiliacha Juma na kubadili Salehe peke yake, amempa mtoto jina ambalo kila karani atalihoji maisha yote. Kwa hiyo maombi yaandike jina zima la zamani na jina zima jipya, herufi kwa herufi, kama linavyotakiwa kusomeka kwenye cheti. Maombi yanayosema tu "jina la ukoo libadilishwe" yanamwacha hakimu hajui aandike nini kwenye amri, na hata akiandika, msajili hajui afute lipi.

Halafu kuna jambo ambalo ofisi nyingi zinazouza "kifurushi cha kubadili jina" hazilisemi. Kwenye cheti cha kuzaliwa, jina la mtoto lina sehemu yake na jina la baba lina sehemu yake. Kubadili la kwanza hakuligusi la pili. Baba anabaki baba: matunzo anadaiwa, kumtembelea mtoto anaruhusiwa, na mtoto anabaki mrithi wake. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 35, inalitaja jina la mzazi lililoandikwa kwenye daftari la vizazi kuwa mojawapo ya ushahidi wa uzazi, na ushahidi huo haufutwi na jina jipya la mtoto. Mama anayedhani jina jipya litamzuia baba kuja Jumamosi ananunua bidhaa isiyokuwepo. Na baba anayepinga kwa kuogopa "kufutwa" anapigana na kitu ambacho hakijaombwa. Wakili mzuri huwaeleza wote wawili hili kabla hajafungua faili, na mara nyingine shauri huishia hapo hapo.

RITA na Msajili wa Hati

Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA) ulianza kazi mwaka 2006, na siku hizi sehemu kubwa ya maombi ya vyeti hupitia mfumo wake wa mtandaoni, eRITA. Kwa kosa la uandishi, yaani herufi iliyoruka, tarehe iliyogeuzwa au jina la mama lililoandikwa kama lilivyosikika wodini, hiyo ndiyo ofisi yenyewe. Unapeleka cheti cha awali, kiapo kinachoeleza kosa lilivyotokea, na nyaraka za zamani zinazoonyesha jina sahihi: kadi ya kliniki, tangazo la kizazi la hospitali, cheti cha ubatizo kama kipo. Nyaraka ya zamani ina uzito kuliko ya juzi, kwa sababu iliandikwa kabla ya ugomvi.

Lakini kurekebisha kosa na kubadili jina ni vitu viwili. Dirisha la usajili halina hakimu. Mzazi mmoja akisema ndiyo na mwingine akisema hapana, kazi ya msajili si kuamua nani ana haki. Kinachowaponza watu ni kulivalisha badiliko nguo ya kosa: mzazi anaapa kwamba jina la baba "liliandikwa kimakosa" huku baba alikwenda mwenyewe kuandikisha na sahihi yake ipo. Kiapo cha uongo ni kosa la jinai, na mwathirika wa kwanza ni mtoto, kwani sasa ana cheti kilichojengwa juu ya uongo ambao mtu wa pili anaweza kuuthibitisha kwa karatasi moja.

Kibaya zaidi ni cheti cha pili. Wapo madalali watakaokuambia: achana na cheti cha kwanza, mwandikishe mtoto upya kama hajawahi kuandikishwa. Kwa miaka kadhaa hakuna atakayegundua. Kisha mtoto anafika chuo, anaomba mkopo, na Bodi ya Mikopo inataka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA. Maingizo mawili ya mtoto mmoja, mama yule yule, tarehe ile ile, yanakutana hapo. Muda wa maombi ya mkopo hauwasubiri watu wanaorekebisha cheti.

Msajili wa Hati, aliye chini ya wizara ya ardhi, ni mlango mwingine. Hati ya kubadili jina husajiliwa huko kwa Sheria ya Usajili wa Nyaraka, Sura ya 117, kisha hutangazwa kwenye Gazeti la Serikali. Kwa mtu mzima anayebadili jina lake mwenyewe, hii ndiyo njia ya kawaida na haina fujo. Kwa mtoto, anayesaini ni mzazi au mlezi, na hapo ndipo kamba inapokatikia. Kusajili nyaraka huifanya ijulikane, hakuitibu kasoro iliyo ndani yake. Kama mzazi mmoja alisaini peke yake huku mwingine anapinga, muhuri wa usajili haugeuzi ukweli huo. Ofisi zinazotanguliza hati hii na kuiacha mahakama kwa "tukipata shida" zimepanga kazi kinyumenyume. Mpangilio wenye akili ni amri ya mahakama kwanza, hati na tangazo baadaye ikiwa vinahitajika.

Ustawi wa jamii, na kwa nini usiwaruke

Katika huduma zote zilizopimwa hapa, hii ndiyo inayodharauliwa zaidi na ndiyo yenye faida kubwa kwa gharama ndogo. Kila halmashauri ya mkoa, yaani Jiji la Dar es Salaam (iliyokuwa Ilala), Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni, ina maofisa ustawi wa jamii. Unakwenda na barua ya serikali ya mtaa, cheti cha mtoto, na maelezo ya ukurasa mmoja. Afisa humwita mzazi wa pili, huwakalisha wote, na kama kuna maafikiano huyaandika.

Maafikiano yanayodumu ni ya kuongeza, siyo ya kufuta. Jina la ukoo wa mama linaingia, la baba linabaki, hata kama mtoto ataandikwa majina manne. Wazee wa pande zote mbili wanaweza kulimeza hilo. Kwa familia za Kiislamu lina uzito wa ziada: Qurani, sura ya Al-Ahzab, aya ya 5, inaamrisha watoto waitwe kwa baba zao, na baba anayelisimamia hilo hatayumbishwa na hoja ya kwamba shule inalipwa na baba wa kambo. Kumwingiza shehe au mchungaji kwenye kikao hicho si kupoteza muda. Ila maafikiano yaliyobaki kwenye droo ya afisa yana nguvu ya karatasi tu. Yapelekwe mahakamani yakaandikwe kuwa amri ya makubaliano, ndipo mtu asiweze kugeuka wiki ijayo.

Wakishindwa kuelewana, bado hujapoteza. Afisa yule yule ndiye atakayeandika ripoti ya uchunguzi wa kijamii ambayo mahakama huisoma kwa makini. Atataka kuona mtoto analala wapi, ataongea na mwalimu, na atakaa na mtoto bila wewe. Hapo wazazi wengi hujiharibia. Mtoto wa miaka tisa anayetamka neno "mjibu maombi", yaani jina la mahakamani la mzazi anayepinga, ameshamwambia afisa kila kitu kuhusu nani alimfundisha. Mwache mtoto aseme anachosema. Kifungu cha 11 cha Sheria ya Mtoto kinampa haki ya kutoa maoni yake, na maoni ya kitoto kama "shuleni wananiuliza kwa nini sifanani jina na mdogo wangu" yana nguvu kuliko hotuba uliyomkaririsha kwenye daladala.

Mahakama, na wakili wa kulipia

Sheria ya Mtoto, kifungu cha 6, inampa mtoto haki ya jina, uraia na kuwajua wazazi wake na ndugu wa ukoo. Njia ya kulibadili jina hilo mzazi mmoja akipinga haikuandikwa humo. Ndiyo sababu ombi la jina huenda vizuri zaidi likipanda juu ya ombi lingine ambalo mahakama inalijua: uangalizi, matunzo, au uzazi. Kama wazazi hawakuoana, au ndoa ilishavunjwa, Mahakama ya Watoto ya Kisutu ndiyo watu wa mjini wanayoifahamu. Kama talaka bado inaendelea, au kuna mirathi ndani yake, angalia Kituo Jumuishi cha Utoaji Haki Temeke, kinachoshughulikia mashauri ya ndoa, familia na mirathi. Ni bora jina liamuliwe mbele ya hakimu anayeijua familia hiyo tayari kuliko kufungua uwanja wa pili.

Mahakama ya Watoto inastahili sifa kwa jambo moja: haiendeshwi kama mahakama ya mwizi wa kuku. Shauri husikilizwa faragha, taratibu si kali, afisa ustawi anakuwepo. Na tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama, kwa hiyo wakili anayekuletea kiapo cha Kiingereza usichokielewa, ukisaini, anakufanyia uvivu. Utahojiwa juu ya maneno yaliyomo humo.

Faili lenye afya lina maombi, hati ya kiapo, cheti cha kuzaliwa, cheti cha ndoa au hukumu ya talaka kama ipo, barua ya serikali ya mtaa, taarifa ya shule inayoonyesha ni jina gani mtoto analitumia kila siku, na kumbukumbu za matunzo. Hizi za mwisho zihudumie vizuri. Picha za skrini za WhatsApp na ujumbe wa M-Pesa zikibandikwa tupu zinaweza kukataliwa. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, kifungu cha 18, inataka mahakama ipime jinsi taarifa ilivyotunzwa na kutolewa. Kiapo kieleze ilitoka simu ipi, ya nani, nani aliichapa na lini. Taarifa ya miamala iliyotolewa na kampuni ya simu yenyewe ni bora kuliko picha ishirini za skrini.

Kuhusu maudhui, kiapo kilichojaa matusi ya baba kina thamani ndogo. Kifungu cha 4 cha Sheria ya Mtoto kinaweka maslahi ya mtoto mbele, na hasira yako si maslahi ya mtoto. Linalosikika ni lile linaloonyesha madhara ya jina la sasa au faida ya jipya kwa mtoto mwenyewe: amelelewa na kuitwa hivyo tangu anaanza chekechea, baba hajulikani alipo kwa miaka, jina linamhusisha na tukio la aibu lililotangazwa. Kwa upande wa mzazi anayepinga, "ukoo wangu utapotea" pekee ni hoja nyembamba. Mzazi aliyelipa matunzo mfululizo, anayemtembelea mtoto, mwenye watoto wengine wenye jina hilo hilo wanaomjua ndugu yao, huyo ana kiapo kinzani cha kueleweka, na mwombaji asishangae akishindwa.

Mahali panapoua mashauri mengi ni wito. Mwombaji ana haraka, anaandika anwani ya zamani ya mzazi mwenzie, mpeleka wito anarudi na neno "hakupatikana", shauri linasikilizwa upande mmoja, amri inatoka. Miezi inapita, mzazi wa pili anasikia shuleni, anakwenda mahakamani na kusema hakuwahi kupewa wito. Akiaminiwa, amri inatenguliwa na mnaanza ukurasa wa kwanza, safari hii na mtoto mwenye majina mawili kwenye rejesta mbili. Kama kweli hapatikani, omba ruhusa ya kumtangazia gazetini na utunze kopi ya gazeti lenyewe. Wakili anayekuambia "asipokuja ndiyo vizuri" hajakufanyia hesabu.

Muulize pia wakili kama anakusudia kuiunganisha RITA kwenye shauri. Kushtaki ofisi ya serikali kunamwingiza Mwanasheria Mkuu na notisi ya siku 90. Wakati mwingine ombi linaloelekeza tu kwamba mwombaji anaruhusiwa kubadili jina bila ridhaa ya mjibu maombi, na kwamba daftari liandikwe hivyo, linatosha. Jibu lake litakuonyesha kama ameshawahi kufikiri juu ya kazi hii au anakuuzia fomu ya talaka iliyobadilishwa kichwa. Bei nayo itenganishwe: kuandaa nyaraka, kila siku ya kusimama mahakamani, ada za mahakama zinazolipwa kwa kumbukumbu namba ya serikali, na gharama za wito. Ada ya mahakama hailipwi mkononi kwa karani wa wakili.

Asiye na uwezo asikope kwa ajili ya hili. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua watoa msaada wa bure, na kwa masuala ya mtoto hapa mjini Chama cha Wanasheria Wanawake (TAWLA), Kituo cha Msaada wa Sheria kwa Wanawake (WLAC) na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu wanajulikana. Foleni ipo, na watakuuliza maswali ya kipato. Uandishi wa nyaraka za mashauri ya ndoa na watoto ni kazi yao ya kila siku, tofauti na ofisi ya biashara ambayo jana ilikuwa inaandaa mkataba wa kiwanja Goba.

Pingamizi likiwa kwa kweli ni swali la uzazi, acha jina kwanza. Mahakama inaweza kuagiza kipimo cha vinasaba, na kinafanywa na Mkemia Mkuu wa Serikali. Huendi pale mwenyewe na mtoto mgongoni. Wanapokea maombi yaliyopitia mamlaka kama mahakama, wakili au ustawi wa jamii.

Na kama lengo ni mtoto achukue jina la baba wa kambo, unachokitaka huenda ni kuasili. Hiyo ni huduma nyingine, nzito, ya Mahakama Kuu. Ridhaa ya mzazi wa damu inahitajika, ingawa mahakama inaweza kuiondoa pale mzazi alipomtelekeza au kumtesa mtoto, hapatikani, au anaikatalia bila sababu ya msingi. Hapo uhusiano wa kisheria wenyewe ndio unaohama, na mtoto anaingizwa kwenye rejesta ya walioasiliwa. Baba wa damu anayekubali jina anaweza kulikataa hili kwa nguvu zote, na ana sababu.

Mtoto wa miaka kumi na sita au kumi na saba? Subira ndiyo huduma ya bei nafuu kuliko zote. Akifikisha 18 anasaini hati yake mwenyewe na ridhaa ya mzazi haiulizwi. Aifanye kabla ya kuandikishwa NIDA kwa kitambulisho cha taifa, siyo baada.

Amri ikishatoka, acha muda wa rufaa upite, kisha omba nakala zilizothibitishwa, nne au tano kwa mpigo, maana kila ofisi itataka kubaki na yake. RITA kwanza. Shule iwe ya pili na iwe mapema, kabla ya usajili wa mtihani wa darasa la nne au la saba, kwa kuwa cheti cha Baraza la Mitihani hutoka na jina lililosajiliwa kwa mtihani. Uhamiaji na bima vifuate. Cheti cha zamani kipige kopi, kithibitishwe, kifungwe pamoja na amri kwenye bahasha moja: kadi ya kliniki, ripoti za chekechea na siku moja faili la mirathi la baba vitakuwa bado vinamwita kwa jina la kwanza.